Fundi wa Hofu: Mwalimu Patrobas Opicho Wafula, 1961–2025

Mwalimu Patrobas Opicho Wafula, ambaye tumekusanyika hapa Maeni kumlaza, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika boma hili hili, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wafula Makhanu na marehemu Mama Nakhumicha. Wengi waliosafiri leo kutoka mitaa ya Nairobi, Huruma, Muthurwa na Fedha, walimjua kama mtu aliyewatisha. Alikuwa mtunzi wa hadithi za kutisha, na kazi hiyo hakuionea haya hata siku moja. Lakini huyo aliyewatisha wenzake alikuwa na hofu yake mwenyewe, moja tu, nasi wa nyumbani tuliijua tangu zamani: kwamba siku moja jambo aliloliandika litatoka kwenye karatasi na kumwangukia mtu asiye na hatia. Siku hiyo ilifika. Wasifu huu hautairuka, kwa kuwa yeye mwenyewe aliomba isirukwe.

Alipozaliwa alilia mno. Alilia hata akayakataa maziwa, na majirani wakaanza kupita njia ya mbali. Nyanya yake akamchukua mapajani, akaanza kumtajia wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, kama desturi yetu ilivyo mtoto anapokataa kunyamaza. Alitaja wengi. Alipofika kwa Opicho, ndugu wa babu aliyepelekwa vitani Burma asirudi, mtoto akakata kilio katikati, akalala. Jina likawa hilo. Miaka mingi baadaye, wanafunzi wake walipomuuliza kama aliwahi kuona mzimu, aliwajibu, “Kumwona, la. Lakini kila mwalimu mkuu akimwita Opicho, mimi ndiye ninayeitika.”

Mwaka 1968 baba yake, aliyekuwa kibarua wa reli, alimchukua akaishi naye Muthurwa, katika nyumba za mawe za wafanyakazi wa reli. Alisoma shule ya msingi huko Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1974. Nyumba hizo zilikuwa nyeusi kwa masizi, safu kwa safu, kuta nene, madirisha madogo, na injini za mvuke zilipopumua karakanani, vikombe vilitetemeka mezani. Wazee wa reli, wakingoja chai ichemke, walikuwa wakisimuliana habari za wazimamoto, watu ambao enzi za mkoloni ilivumishwa kwamba walikuwa wakikamata wapita njia na kuwatoa damu. Hakuna mzee aliyewahi kuwaona. Kila mzee alimjua mtu aliyewaona. Mtoto Opicho alilisikiliza jambo hilo kwa makini kuliko hata habari ya damu: kwamba hofu siku zote ina shahidi, na shahidi mwenyewe siku zote hayupo.

Masomo ya sekondari aliyafanya huku Bungoma kuanzia 1975 hadi alipomaliza kidato cha sita mwaka 1980. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo kikuu Nairobi kusomea ualimu, Kiswahili na fasihi. Agosti 1982 chuo kilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi, na wanafunzi wakarudishwa makwao kwa zaidi ya mwaka mzima. Patrobas alirudi Muthurwa kwa baba yake akiwa na kitabu kimoja cha maktaba ambacho hakuwa amekirudisha, historia ya hadithi za kutisha za Ulaya. Mji ulikuwa chini ya amri ya kutotoka nje. Alikisoma kitabu hicho hadi jalada likaachana na kurasa.

Humo alijifunza kwamba neno lenyewe, Gothiki, lilianza kama tusi. Wagothi walikuwa watu wa kale waliodharauliwa kama washenzi. Baadaye jina lao likabandikwa makanisa na ngome za zama za kati, zenye minara iliyochongoka, ili kuonyesha kwamba zimepitwa na wakati. Kisha, yapata miaka mia mbili na sitini iliyopita, jina hilo likahamia kwenye hadithi zilizotungwa juu ya ngome hizo: mabibi waliofungiwa vyumbani, mababu waliokataa kufa, dhambi ya mwenye nyumba wa zamani inayomlipukia mpangaji wa leo. Alipofika hapo, akainua macho akazitazama kuta za Muthurwa, mawe aliyoyaacha mkoloni na watu wanaoishi ndani yake bila kujua ni nani alilala humo kabla yao. Alimwambia baba yake, “Papa, hawa watu wanaandika habari zetu.”

“Wanatulipia kodi?” Mzee Wafula aliuliza.

Kuna jambo jingine katika kitabu hicho lililomkaa rohoni. Mwingereza aliyeianzisha aina hiyo ya riwaya hakusema ameitunga. Alisema ni maandishi ya kale yaliyookotwa katika maktaba ya watu fulani, naye kazi yake ilikuwa kuyatafsiri tu. Wasomaji wakasadiki. Alikiri baadaye, kitabu kilipochapishwa tena. Patrobas aliliwaza hilo kwa muda mrefu. Wao walianza kwa kudanganya kwamba ni kweli, alikuwa akisema, na sisi tulianza kwa kukubaliana kwamba ni hadithi. Msimulizi wetu husema Paukwa, watu wakaitikia Pakawa, na kwa neno hilo moja kila mmoja amesaini: kitakachofuata kitatisha, lakini hakitamfuata mtu nyumbani.

Alihitimu mwaka 1985 na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika shule ya sekondari huko Eastlands, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2021. Wacuka, mkewe, alimpata sokoni. Patrobas alikuwa amekwenda soko la Gikomba kununua mapazia ya jukwaa la chama cha maigizo cha shule, na Wacuka, binti Mzee Kimani wa Kangema, ndiye aliyekuwa akiyauza.

“Yote nyeusi?” Wacuka aliuliza. “Kwani kumekufa nani?”

“Bado hajafa mtu,” Patrobas alijibu.

Msichana akaona huyu ni mtu wa kukaa naye kibandani kidogo. Patrobas akamsimulia juu ya linani, zimwi la kwetu Bukusu, linalomeza watu wa kijiji kizima na ng'ombe wao. Wacuka alisikiliza huku akikunja pazia, kisha akauliza kwa upole, “Huyo wenu ana mdomo mmoja tu? Wetu, irimu, ana wa pili huku kisogoni, chini ya nywele. Ukimpita njiani huuoni. Ukimfuata nyuma ndio unakusalimia.” Patrobas akageuka akatazama nyuma yake. Kibanda kizima kikacheka. “Ai! Mwalimu mzima, mwanaume, anaangalia nyuma!”

“Niliangalia,” alikuwa akituambia, “nikajua nimepata mke na mwalimu mkuu kwa pamoja.” Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marion Nakhumicha na Mbuthia, na makao yao kwa miaka yote hiyo yalikuwa Huruma, orofa ya pili ya ploti moja, jengo la vyumba vya kupanga, karibu na machinjio ya Kiamaiko, mahali ambapo asubuhi huanza kwa sauti ya mbuzi.

Vijitabu vyake vilianza kuonekana mwaka 1991. Vilikuwa vyembamba, karatasi ya bei nafuu, vikipangwa kwenye vibanda karibu na stendi. Alivipenda viwe hivyo. Alitufundisha kwamba huko Uingereza, hadithi za ngome za matajiri zilipozeeka, zilishuka mjini, zikawa vijitabu vya senti vilivyosomwa na wafanyakazi wa viwanda, na jini likahama ngomeni likaja kupanga chumba mtaani. Baadaye likahamia ndani ya kichwa cha mtu, kisha kwenye sinema. “Jini halifi,” alisema. “Linahama tu, kama sisi, kodi ikipanda.” Majini yake aliyapangisha Eastlands. Palikuwa na kisima cha maji taka kilichokuwa kikiita watu kwa majina ya utotoni. Palikuwa na fundi cherehani aliyeshona nguo za watu kabla hawajafa, zikawatosha. Wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wakirudi kwa miguu walivisoma wakitembea. Kila kijitabu kilianza na neno Paukwa, peke yake, katikati ya ukurasa.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya wizi, naye alikiri hivyo. Alichukua mwendo wa jirani huyu, kikohozi cha yule, namna mtu fulani anavyofunga kitasa. Jumapili baada ya kanisa aliketi kwenye ngazi za ploti akawasomea majirani rasimu, na mtu akijitambua alikuwa akipiga kelele, “Mwalimu, hicho kikohozi ni changu, nirudishie!” Watu walicheka. Kazi yake ilichekwa hadharani, na kicheko hicho ndicho kilichoilinda isimdhuru mtu.

Mwaka 2022, baada ya kustaafu, aliandika kijitabu chake cha mwisho, Mpangaji wa Orofa ya Juu. Kinasimulia juu ya mwanamke mwenye kwato chini ya vazi refu, anayeuza supu karibu na machinjio, na ambaye watoto wa ploti huanza kuugua anapohamia. Kwa mara ya kwanza hakuwasomea majirani. Kwa mara ya kwanza pia aliliondoa lile neno la ufunguzi. Vijana walikuwa wakimwambia ni la watoto wa chekechea, naye kwa siri alikuwa ameanza kuogopa kwamba hatishi tena. Mahali pake akaweka sentensi hii: “Haya niliyoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, katika ploti ninamoishi.”

Marion ndiye aliyempigia chapa. Alipofika kwenye sentensi hiyo alisimama. “Baba, rudisha Paukwa.”

“Ukiingia nyumbani kwa mtu kwa kubisha hodi, hakuna anayeshtuka,” alimjibu.

“Na ukiingia bila hodi, Baba, unaitwa mwizi.”

Hakubadilisha.

Orofa ya juu ya ploti yetu ilikuwa na mpangaji wa kweli. Aliitwa Nimco, mjane, mama wa binti wa miaka saba aitwaye Ambaro. Aliuza supu ya mbuzi Kiamaiko. Alivaa vazi refu na viatu vyenye soli ngumu, na kila alfajiri majirani walimsikia akishuka ngazi: ko, ko, ko. Patrobas aliiweka sauti hiyo katika hadithi. Alidhani amebadilisha vya kutosha.

Kijitabu kilitoka Januari 2023. Mtu mmoja, hatujui nani, alipiga picha kurasa tatu za kwanza, bila jalada, bila jina la mtunzi, akazituma kwenye kundi la WhatsApp. Kundi hilo likazipeleka kwa jingine. Zilipozunguka Huruma yote na kurudi kwetu, zilikuwa na maneno mapya juu: “Wazazi, chungeni watoto. Hii imetokea hapa hapa.” Wiki hiyo hiyo mtoto wa Maingi, fundi wa kuchomelea vyuma wa orofa ya tano, alishikwa na homa kali akawa anaweweseka, akisema kuna mtu anatembea juu ya paa.

Jumamosi tarehe 18 Machi, alasiri, Patrobas na Wacuka walirudi kutoka sokoni wakakuta ngazi zimejaa watu. Hawakuuliza. Wacuka aliona uso wa mumewe ukibadilika. Waliacha mboga pale chini wakapanda, wakisukuma mabega ya watu, hadi juu kabisa. Nimco alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, mgongo ukiwa umeugusa. Ambaro alikuwa ndani. Mbele ya Nimco alikuwa Maingi, jiwe mkononi, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala kwa ajili ya mtoto. Nyuma yake vijana.

“Mama, vua viatu tu tuone, halafu tutaenda,” Maingi alikuwa akisema. “Kama hakuna kitu, unaogopa nini?”

“Leo mnataka miguu,” Nimco alijibu. “Kesho mtataka nini?”

“Anaringa!”

“Hiyo nguo ndefu imeficha nini, buda? Si mumvue tu!”

“Leteni tairi!”

Neno hilo la mwisho lilitoka chini, kwa mtu asiyeonekana. Kila anayeishi Eastlands anajua kwamba tairi hufuatwa na petroli na kiberiti. Patrobas aliingia katikati, akasimama kati ya jiwe na mama yule.

“Maingi. Hiyo hadithi ni yangu. Niliitunga mwenyewe, kwa meza ya kulia chakula. Hakuna kitu kama hicho.”

Maingi hakuliachilia jiwe. “Mwalimu, si uliandika umeona na macho yako? Sasa ulidanganya saa ngapi? Wakati ule ama saa hii?”

Mtu aliyeishi kwa maneno alisimama pale mdomo wazi, na Wacuka, aliyekuwa ngazi mbili chini yake, anasema alimwona akizeeka. Watu walisogea. Mkono mmoja ulifika kwenye vazi la Nimco, ukalishika.

Ndipo Patrobas akapaza sauti, ile sauti ya darasani iliyokuwa ikisikika hadi uwanja wa mpira: “Paukwa!”

Akapaza tena, “Paukwa!” Kutoka orofa za chini mwanamke mmoja akajibu, “Pakawa,” nusu mdomo, kama mtu anayeitika jina kabla hajajua ameitwa kwa nini. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Wengi katika ngazi zile walikuwa wanafunzi wake, au watoto wa wanafunzi wake. Mara ya tatu walijibu kumi, na mara ya nne zikajibu ngazi nzima, na mkono ulioshika vazi ukaachia, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuitikia Pakawa huku amemkamata mwenzake.

Akaanza kusimulia. Hakuwa na budi kusimulia vizuri, kwa kuwa angesimulia vibaya wangekumbuka walichokuja kufanya. Aliwasimulia kwato, akawasimulia mvuke wa supu na mpangaji anayepanda ngazi bila kivuli. Waliokuwa mbele waliketi. Wa nyuma wakauliza, “Amesema nini?” wakaambiwa, wakaketi pia. Mtu alimwambia mwenye tairi aache kelele. Wacuka alitumia nafasi hiyo akaingia ndani, akamkuta Ambaro amejikunja nyuma ya mlango, akamkumbatia na kumziba masikio kwa leso yake. Lakini mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, na Patrobas Opicho, katika maisha yake yote, hakuwahi kusimulia vizuri kama siku ile.

Jua lilipoinama wengi walikuwa wameteremka. Maingi alibaki. “Na mwishowe inaishaje, Mwalimu?”

“Mwishowe hakuna jini,” Patrobas alisema. “Kuna mama anauza supu, na kuna majirani.”

Maingi alilitazama jiwe kama kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha, akaliweka chini polepole, akashuka kwa mtoto wake. Mtoto huyo alipona. Ilikuwa malaria.

Nimco alihama wiki iliyofuata, akaenda kwa jamaa zake Fedha. Patrobas alizunguka vibandani Muthurwa akavichukua vijitabu vyote vilivyobaki. Hakuandika tena. Asubuhi aliketi mezani bila karatasi, na saa ya alfajiri ambapo hatua zilikuwa zikishuka ngazi, alikuwa macho akisikiliza kimya cha ngazi.

Mwezi wa Mei alikwenda Fedha, yeye na Wacuka. Nimco aliwapokea getini. Hakuwakaribisha ndani.

“Mwalimu, mimi nimekusamehe,” alisema. “Ulisimama mbele yangu, sitasahau. Lakini mtoto alisikia yote. Nikivua viatu, anakimbilia chumba kingine. Nikilala, anakuja polepole anafunua shuka, anaangalia. Mwanangu ananiangalia miguu, Mwalimu.”

Wacuka anasema usiku huo mumewe hakula. Asubuhi alimpigia Nimco simu akamwomba ruhusa ya kumwona mtoto kila Jumamosi. Nimco akasema, “Njoo. Lakini usimwambie hadithi hata moja.”

Basi mtunzi akaenda bila hadithi. Alichokwenda nacho ni kile kitabu alichokisoma Muthurwa akiwa kijana, chote kichwani. Kwa miezi mingi, wakiwa wameketi uani na Wacuka akichambua mchicha, alilifungua jini lile mbele ya Ambaro kama fundi anavyofungua redio, kipande kwa kipande, akimwonyesha kila kipande kilitoka wapi na nani alikishika kabla yake. Ngome zilitoka kwa watu waliokuwa wakiogopa wazee wao. Damu ilitoka kwa watu waliotawaliwa, ambao walihisi kuna kitu kinachukuliwa kutoka kwao na hawakijui jina. Mdomo wa kisogoni ulitoka kwa bibi zake Wacuka. Mtoto alikuwa mkali. Hakukubali majibu mepesi.

“Na kwato?”

“Kwato ni za zamani sana, kila nchi inazo. Mimi nilizichukua Kiamaiko, kwa mbuzi.”

“Mbuzi wa Hooyo?” Hooyo ndivyo anavyomwita mama yake.

“Wa mama yako na wa wengine.”

“Na ile ko, ko, ko?”

Wacuka aliacha kuchambua mboga.

“Hiyo niliiiba kwenye viatu vya mama yako. Vingine vyote vilikuwa vya watu wote. Hicho kilikuwa chake, na sikumwomba.”

“Ungemwomba angekataa,” Ambaro alisema.

“Ndiyo. Ndiyo maana sikuomba.”

Mtoto alifikiri, akainuka akaenda kucheza. Jumamosi zilizofuata aliuliza mambo mengine, na Patrobas hakujua kama hofu imepungua au imejificha tu. Hofu, alimwambia Wacuka njiani, ndiyo kitu pekee alichokisoma maisha yake yote, na hakuna kitabu kilichomfundisha namna ya kuirudisha ilikotoka.

Oktoba 2024 alianza kuvimba miguu, na madaktari wakagundua kwamba figo zake zote mbili zilikuwa zimechoka. Alianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali moja jijini. Hakupoteza ulimi wake. Alimwambia muuguzi, akiutazama mtambo, “Nimeandika juu ya wanyonya damu tangu ujana, na hatimaye nimepewa wangu. Huyu angalau anairudisha.” Lakini Fedha hakuweza tena kwenda, na hilo ndilo lililomla kuliko figo. Kila alipopata nafuu alimuuliza Wacuka, “Mama Marion, mtoto bado anaangalia?” Wacuka hakujua. Alikuwa akimjibu hivyo, kwa kuwa hakuzoea kumdanganya mumewe hata kumpoza. Mbuthia alitaka Nimco apigiwe simu aambiwe aseme lolote jema. Patrobas alikataa. “Jibu la kuombwa ni hadithi nyingine tu,” alisema.

Ilikuwa mwezi Juni, baada ya Idi, ndipo Nimco alipofika wodini bila kuitwa. Aliketi kando ya kitanda, akauliza hali, akajibiwa. Kisha, bila maelezo, akavua viatu vyake, akainua upindo wa vazi, akainyoosha miguu yake miwili juu ya sakafu ya hospitali.

Ilikuwa imepakwa hina kutoka vidoleni hadi vifundoni. Si hina ya fundi. Maua yalikuwa makubwa upande mmoja na madogo upande wa pili, mistari ilitetemeka, na kwenye kisigino kimoja palikuwa na doa kubwa pale mkono ulipoteleza.

“Amenipaka yeye,” Nimco alisema. “Alikataa niende kwa fundi. Aliuweka mguu mapajani, akaushika mpaka ukakauka, halafu akaushika wa pili.”

Patrobas aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Wacuka anasema hakuwahi kumwona akitazama kitu chochote hivyo, hata watoto wake walipozaliwa. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo iliyobaki, “Kidole cha mwisho ameruka.”

“Nilimwambia,” Nimco akajibu. “Akasema amechoka.” Wote watatu wakacheka, hadi muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Tangu siku ile hakuuliza tena. Alilala vizuri kuliko alivyowahi kulala akiwa mzima. Hali yake ilianza kuzorota mwishoni mwa Agosti, na alituacha Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Wacuka.

Marehemu ameacha mjane, Wacuka; watoto, Marion Nakhumicha na Mbuthia; mjukuu mmoja, Nekesa; dada yake mkubwa, ndugu, wakwe wa Kangema, na wanafunzi wasiohesabika, wakiwemo wale wa ngazi za Huruma. Maingi amekuja, na ndiye aliyechomelea msalaba utakaosimama hapa. Familia pia imeamua kuwataja katika orodha hii Bi Nimco, ambaye yu hai hata baada ya siku ile, na binti yake Ambaro, walioketi pamoja na wafiwa. Ambaro ameomba isemwe mbele ya watu kwamba haogopi, na kwamba ile hadithi aliyoisikia nyuma ya mlango, sasa anataka asomewe yote kutoka mwanzo. Mama yake amesema atafikiri.

Mwenyezi Mungu amlaze Mwalimu Opicho mahali pema, na ampe kwa wingi ule usingizi mwanana aliotunyima wengi wetu kwa miaka mingi. Alale kwa amani.